Harusi Iliyopita Ndani ya Kalivati

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na duka la kutengeneza redio pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Naliita duka kwa kujiheshimu. Kilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja, jiko la makaa la kupashia chuma cha kuyeyushia risasi ya kuunganishia waya, na rafu iliyojaa redio ambazo wenyewe waliahidi kuzichukua Jumamosi, bila kusema Jumamosi ya mwaka gani. Umeme ulikuwa umefika kwetu kama mgeni mwenye haraka: ulipita juu ya vichwa vyetu kwenye nguzo ndefu, ukienda kwa watu wengine.

Ng'ambo ya barabara aliishi mwalimu wangu wa shule ya msingi, mama mjane aliyekuwa amestaafu. Alinifundisha hesabu na sayansi kuanzia darasa la nne, na aliwahi kutangaza mbele ya wenzangu kwamba nina akili nzuri sana, ila nimeiweka mahali nisipopakumbuka. Sikuwa peke yangu. Kila mtu wa rika langu pale, karani wa soko, dereva wa lori la mchanga, hata chifu mwenyewe, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya ubao wa mama yule, akisubiri kukumbuka saba mara nane.

Mwaka huo aliteleza kwenye ngazi ya choo akavunjika nyonga. Hospitalini walimlaza wiki kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani na amri ya kulala chali miezi mitatu zaidi. Katikati ya miezi hiyo, binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa kijana mpole wa kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, ambaye kazi yake, kama nilivyoielewa, ilikuwa kuuliza udongo kama una kiu. Binti alitaka harusi isogezwe mbele. Mama yake alikataa.

"Harusi haihitaji nyonga yangu," alisema. "Inahitaji yako."

Ndugu wa kiume walipendekeza abebwe na kitanda chake hadi kanisani. Akawauliza kama wamewahi kuona kabati likihudhuria harusi. Basi mimi nikaitwa.

Nilimkuta amelala chali, mguu umewekewa mito pande zote, miwani puani. Kwenye kabati dogo mbele yake kulikuwa na televisheni ya inchi kumi na nne, isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Nilikuwa nimeitengeneza mara mbili na kuiharibu mara moja.

"Hii kitu inaleta taarifa ya habari kutoka Nairobi," akaniambia.

"Ndiyo, Mwalimu. Ikipenda."

"Nairobi ni mbali. Kanisa ni pale ng'ambo tu. Sasa nini inakushinda?"

Nikaanza kumweleza habari za mitambo, minara na serikali. Akaniacha nimalize, kama zamani alivyomwacha mtu afike mwisho wa jibu lisilo sahihi. Kisha akasema kwamba mpiga picha wa harusi alikuwa ameahidi kumletea kanda, na kwamba kanda haitaki. Alitaka binti yake akisema ndiyo, yeye aisikie ile ndiyo ikiwa bado na moto, wala si baada ya watu kula pilau na kwenda kulala.

"Inawezekana," nikasema.

Mpaka leo sijui ni nani aliyeutumia mdomo wangu siku hiyo. Nilikuwa sijawahi kufanya jambo kama hilo, wala sikumjua mtu aliyewahi kulifanya.

Kitu kimoja nilikuwa nacho, na ndicho kilichonipa kiburi. Kwenye rafu yangu kulikuwa na kamera kubwa ya video, ile ya kubebwa begani kama mtoto aliyechoka. Aliileta mtu mmoja mwenye lojing'i, nyumba ya kulala wageni, kule Mtito Andei, akasema anarudi wiki ijayo. Kwa hesabu yangu wiki hiyo haijafika hadi leo. Ilikuwa na jicho zima, na ilitoa picha nzuri kwa waya. Tatizo lake lilikuwa dogo: mahali pa kanda palikuwa pamekufa. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetengeneza kila kitu katika ile kamera isipokuwa kazi iliyoundiwa. Jambo hilo sikumwambia bibi harusi. Aliponiuliza kama nitaweza kumwekea na kanda pia, kwa vile sasa wanafuta mpango wa mpiga picha ili wasilipe watu wawili, nilijibu kwamba tutaangalia. Neno "tutaangalia" limeniponza mara nyingi, lakini halijawahi kunipiga kofi kama mwaka huo.

Vitu vingine vilikuwa kwa mama wa hoteli. Huyu alikuwa mwanamke Mwislamu ambaye watu wake walikuja kutoka pwani zamani wakifuata reli, wakabaki. Hoteli yake ilikuwa ya chai, mahamri na pilau, na katika chumba cha nyuma alionyesha filamu za karate kwa madereva wa malori, akitumia jenereta ndogo, televisheni ya rangi na deki ya kuchezea kanda. Alisema Kiswahili kilichonyooka. Sisi wengine tulisema kile tulichokitafsiri kutoka Kikamba huku tunatembea. Nilimweleza shida yangu kwa dakika tano.

"Mwanangu," akasema, "umesema 'hii televisheni' na 'hiyo waya' na 'ile deki' na sijaelewa lolote. Sema tu wataka nini."

Nikasema nataka deki na jenereta.

"Za Mwalimu?"

"Za Mwalimu."

"Mbona hukuanza na hapo?"

Nilitaka deki kwa sababu moja. Televisheni ya Mwalimu ilikuwa ya zamani, na haikuwa na tundu la kupokea picha kutoka kwa kamera. Ilijua tundu la antena tu. Lakini ndani ya kila deki kuna kijisanduku kinachochukua picha na kuivalisha nguo za stesheni ya televisheni, ili televisheni idanganyike kwamba inapokea kitu kutoka hewani. Sehemu hiyo niliielewa vizuri, kwa kuwa udanganyifu mdogo ndio uliokuwa msingi wa biashara yangu.

Kisha ukaja msimu wa vibali. Nilidhani nitafunga waya tu. Nilikuwa nimesahau ninaishi nchi gani.

Kamati ya kanisa ilikaa saa mbili nzima kujadili. Mzee mmoja alitaka kujua kama ibada inayopita kwenye waya inafika ikiwa kamili au inapungua njiani. Mwingine, ambaye alikuwa mtu wa kufikiri mbali, aliuliza: kama picha ya kanisa inaweza kwenda mpaka kwenye deki ya yule mama, ni nini kitazuia karate isirudi kwa waya huohuo mpaka madhabahuni? Nikasimama mbele ya watumishi wa Mungu nikaapa kwamba karate haitapita. Pasta, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye njaa, alifunga mjadala kwa maombi.

Chifu aliniita ofisini. Wakati huo neno stesheni halikuwa neno la kuchezea, na kuna mtu alikuwa amempelekea habari.

"Nasikia unaanzisha stesheni," akasema.

"Ni waya, chifu. Unatoka kanisani unaenda kwa Mwalimu."

"Na kutoka kwa Mwalimu unaenda wapi?"

"Hauendi mahali. Unaishia kwa kitanda."

Akaandika kitu. Akaniuliza laisensi iko wapi. Nikamuuliza laisensi ya waya inatolewa na nani. Hakujua, na kutojua kulimuudhi, kwa hiyo akaanza kugeuza kalamu. Mwishowe akasema ataruhusu, kwa usalama, mradi yeye mwenyewe awepo na aonekane katika hiyo picha, ili wananchi wajue serikali iko na habari. Nikamwambia ataonekana. Wananchi wenyewe walikuwa mgonjwa mmoja na mama wa hoteli.

Waya niliutoa Nairobi, kwa wale wanaouza kwa mita na kukushangaa unapotaka zaidi ya kumi. Nilipima kwa hatua kutoka kwenye mlango wa kanisa hadi dirisha la Mwalimu: hatua mia moja na sitini na kitu, nikipita kama ndege arukavyo. Mimi si ndege. Katikati kulikuwa na barabara ya Mombasa, na juu yake malori ya mafuta na mabasi ambayo hayajawahi kumsubiri mtu. Kuuning'iniza waya juu kulihitaji nguzo mbili na ruhusa ya watu ambao hata barua zao huchelewa. Kuulaza juu ya lami kulihitaji muujiza.

Ni Mwalimu aliyetoa jibu, akiwa amelala chali akiangalia dari.

"Maji yanavuka vipi?" akaniuliza.

Yalivuka kwa kalivati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Kwa kuwa mvua kwetu ilikuwa ni tetesi, bomba lilikuwa kavu. Nilijaribu kuusukuma waya kwa mti mrefu wa mkonge, ukakwama katikati. Nikatafuta mtu wa kuingia. Wanaume wote wa Salama waliokuwa wamesimama pale kunipa ushauri wakakumbuka shughuli zao. Basi nikavua shati, nikajifunga waya kiunoni, nikaingia kwa magoti.

Sitaeleza nilichokikuta mle ndani. Niseme tu kwamba nilijifunza tofauti kati ya lori tupu na lori lililobeba saruji, kwa mgongo, na kwamba kuna nyoka mmoja ambaye huenda alikuwa kamba. Nilipotokea upande wa pili mama wa hoteli alikuwa amesimama na birika la maji.

"Umekuwa kijivu, mwanangu," akasema, akanimwagia.

Jaribio la kwanza lilikuwa siku mbili kabla ya harusi, na lilikuwa aibu. Niliweka kamera kanisani ikitazama mimbari, nikaichomeka kwenye deki palepale, jenereta ikanguruma nje, nikakimbia hadi ng'ambo nikijiandaa kupongezwa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mchele. Mchele mweupe unaochemka, kutoka kona hadi kona, na mlio kama wa mvua ya mawe. Mwalimu aliutazama kwa makini.

"Hii ni wali au ni harusi?" akauliza.

Nilirudi dukani, nikakaa na michoro yangu, nikaikasirikia. Ilinichukua nusu ya siku kuelewa. Ile picha, ikishavalishwa nguo za stesheni, haina nguvu ya kutembea mbali ndani ya waya. Inachoka na kufa njiani. Lakini picha mbichi, kama inavyotoka kwenye kamera, hutembea vizuri zaidi. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kuivalisha mapema. Deki ilitakiwa iwe chumbani kwa Mwalimu, ili picha isafiri uchi njia yote na kuvaa nguo mlangoni. Nilimweleza mama wa hoteli hivyo hivyo, akasema ana shaka na mafunzo yangu ya dini.

Tukahamisha deki na jenereta kwa Mwalimu. Kamera ikatumia betri ya gari. Sauti nikaipitisha kwenye waya wa pili, ule mwembamba wa spika, uliofungwa pamoja na mwenzake kwa kamba ya mkonge. Nikafungua kamera, nikakimbia tena. Nilipofika mlangoni mama wa hoteli alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono mdomoni, na Mwalimu alikuwa amevua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kwenye televisheni kulikuwa na kuku. Alikuwa anatembea taratibu mbele ya mimbari, akisimama, akidonoa kitu, akiendelea. Hakuna kitu kingine. Kanisa tupu na kuku wa kijivu katika dunia ya kijivu. Tulimtazama kama watu wanaotazama mwanadamu akitua mwezini.

"Huyo ni wa jirani yangu," akasema Mwalimu polepole. "Na yuko huko sasa hivi."

"Sasa hivi," nikasema.

Ningetakiwa kuzima kamera hapo na kuokoa betri, lakini alinikataza. Jioni hiyo na kesho yake yote, nilipokuwa nimeiwasha kwa majaribio, alitazama akina mama wakipamba kanisa, na ndipo shida zilipoanza. Alimtuma mama wa hoteli avuke barabara akawaambie maua yale yamepangwa kama ya matanga. Alituma tena: kitambaa cha upande wa kulia kimeshuka kuliko cha kushoto. Alituma mara ya tatu: yule dada mnene aache kukaa, amekaa tangu saa nane. Wapambaji walianza kufanya kazi wakiwa wameipa ile kamera mgongo, kama watu wanaotafutwa na polisi. Mimi nilikuwa nimemjengea mgonjwa dirisha, naye akaligeuza kuwa ofisi.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi kavu yenye upepo. Nilisimama kando ya njia ya katikati, kamera begani, betri ya gari miguuni. Bibi harusi aliingia kwa mkono wa mjomba wake, na nikamfuata kwa jicho la kamera hadi mbele. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa heshima. Kisha mtu mmoja aliyechelewa, aliyekuwa amepita kwa Mwalimu kumpa pole, aliingia na kunong'ona kwa jirani yake kwamba bibi harusi anaonekana kule ng'ambo, mzima mzima, ndani ya televisheni.

Jirani akatoka. Wa nyuma yake akatoka. Wimbo wa pili ulipoisha, benchi mbili zilikuwa tupu. Ninaelewa hamu ya watu, lakini hawa walikuwa na harusi yenyewe mbele ya macho yao, ikiwa na rangi zote, wakaiacha ili waende kuiangalia ikiwa ndogo na ya kijivu kupitia dirisha la mtu. Shangazi mmoja mzee wa bibi harusi alikuwa ameambiwa kwamba yeye mwenyewe anaonekana vizuri, benchi la pili, na kitambaa chake kipya. Alivuka barabara, akasukuma watu pale dirishani, akatazama. Mama wa hoteli alinisimulia baadaye kwamba alitazama kwa muda mrefu, kisha akalalamika kwamba amedanganywa, maana benchi la pili lipo lakini yeye hayupo. Wakamweleza. Akarudi kanisani mbio ili aonekane, akaketi, kisha akaondoka tena kwenda kuhakikisha. Nilimnasa kwenye picha akipita mara nne.

Pasta alizidi kuhubiria mbao. Chifu, aliyekuwa amekaa mbele kwa sare yake ya kaki, aligeuka akaona watu wanapungua, na nadhani alipiga hesabu. Wananchi walikuwa wamehamia upande wa televisheni. Huko ndiko serikali ilikohitajika kuonekana. Wakati pasta anawaita wawili wale wasimame kwa ajili ya kiapo, chifu naye alisimama. Alikuja mbele, akapanga miguu, akajiweka katikati ya kamera yangu na maharusi, mikono nyuma. Akashuhudia.

Nilijaribu kwenda kushoto, waya ukanivuta. Nilijaribu kulia, betri. Nilimnong'oneza, "Chifu, kidogo tu." Aligeuza shingo, akaitazama kamera kwa uso wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akarudi kama alivyokuwa. Nyuma ya mgongo huo nilisikia pasta anauliza, nikasikia kijana wa Kiboko anajibu, nikasikia bibi harusi anajibu kwa sauti ndogo. Ng'ambo ya barabara, mama yake, aliyelala chali miezi miwili akiisubiri sentensi ile moja, alikuwa anaangalia koti.

Kuna kasoro katika mtambo wangu ambayo sikuwa nimeiwaza. Picha ilikwenda, lakini hakuna kilichorudi. Mwalimu angeweza kupiga kelele mpaka paa linyanyuke na mimi nisisikie lolote. Nilisimama pale nikionyesha mgongo wa serikali kwa uaminifu, nikijua anachosema, neno kwa neno.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, mama wa hoteli akaingia. Alikuwa na buibui lake na vumbi la barabara, na alikuwa anahema kidogo, kwa kuwa alikuwa amelisimamisha basi la Mombasa kwa mkono. Sidhani aliwahi kuingia katika kanisa letu kabla ya siku ile. Alitembea njia yote ya katikati bila haraka, watu wakimgeukia benchi baada ya benchi, akafika kwa chifu. Hakupaza sauti. Kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba haikuhitajika.

"Mwalimu asema wamzibia," akamwambia. "Asema keti."

Nilimwona chifu akifungua mdomo. Alikuwa mtu aliyezoea kuwaambia wengine waketi. Nilimwona pia akifikiria ni mwalimu gani, na nikaona jinsi alivyokumbuka, kwa maana mabega yake yalishuka na miguu yake ikajipanga pamoja, visigino vikigusana, kama mtoto wa darasa la tano. Akarudi kwenye kiti chake. Akaketi. Akaweka kofia magotini.

Mama wa hoteli akamgeukia pasta.

"Na asema samahani, baba, hakuona. Aliona koti tupu. Aomba warudie."

Pasta alifunga kitabu, akakifungua. Sijui vitabu vyao vinasema nini juu ya kuoana mara mbili ndani ya dakika tano, na watu wale wale. Baadhi ya wazee wa kamati walinyanyua shingo, na ningeapa yule wa karate alikuwa tayari na swali. Lakini pasta naye alitazama ile kamera begani mwangu, na mimi nikajua kwamba hata yeye, mtu wa upande wa Kitui aliyehamia kwetu juzi, alikuwa ameanza kumwogopa Mwalimu.

"Tunarudia," akasema. "Kwa ajili ya mama."

Akauliza tena. Kijana wa Kiboko alijibu kwa sauti kubwa mara hii, kama mtu anayeongea na simu ya mbali, na watu wakacheka. Kisha pasta akamuuliza bibi harusi. Hakumtazama pasta, wala hakumtazama bwana wake. Alikuwa ameelewa, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile, mama yake yuko wapi. Akageuka mzima, akanyanyua shela kwa mkono, akatazama ndani ya jicho la kamera, yaani machoni mwangu.

"Ndiyo, mwaitu," akasema. Ndiyo, mama.

Mimi ni mtu wa kutengeneza redio. Sikuwa nimejiandaa kutazamwa hivyo. Niliambiwa baadaye kwamba mahali hapo picha ilitikisika vibaya sana, na kuna waliopendekeza kwamba wakati mwingine kamera ishikwe na mtu mwenye mikono imara. Nilisema ni waya.

Tulipovuka baada ya ibada, Mwalimu alikuwa amepanguswa uso na alikuwa mkali kama kawaida. Alimpokea binti yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akamwambia shela ilinasa kwenye msumari wa benchi wakati anaingia na hakuna aliyesaidia. Kwangu alisema sauti ilikuwa nyuma kidogo ya midomo. Chifu alikuja kutoa pole, akabaki amesimama mlangoni mpaka alipoambiwa apite.

Wiki iliyofuata bibi harusi alikuja dukani kuchukua kanda.

Nilimweleza yote. Nilimwonyesha ile sehemu iliyokufa. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, na nilipomaliza aliniuliza kama nilijua hivyo siku ile aliponiuliza. Nikasema nilijua. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikampa jibu lisilo na maana, kuhusu kubanwa na kazi. Harusi yake ilikuwa imeonwa na watu arobaini dirishani, madereva wawili wa malori na kuku, lakini yeye mwenyewe hataiona maisha yake yote, na hapakuwa na picha hata ya karatasi, kwa sababu yangu. Alitoka bila kuaga. Nilistahili zaidi ya hapo.

Sifa nilizipata, bila shaka. Kwa miezi miwili niliitwa kuweka waya kila mahali. Kanisa lingine lilitaka ibada ifike kwa mzee wao aliyekuwa anaishi kilomita sita juu ya kilima, wakadhani ni suala la imani yangu. Mama wa hoteli aliununua ule waya wote, akaupitisha hadi chumba cha pili, na tangu hapo madereva walitazama karate vyumba viwili kwa deki moja.

Mwaka uliofuata niliitwa Kiboko kurekebisha televisheni kwenye nyumba za wafanyakazi wa kituo. Nilipofika nikakuta ni nyumba ya yule binti. Alikuwa na mimba kubwa, na alinikaribisha kwa adabu, bila joto. Mama yake alikuwa pale pia, amekuja kukaa naye, fimbo imeegemezwa ukutani. Nikaipeleka televisheni barazani penye mwanga, nikaanza kuifungua, nao wakaendelea na mazungumzo yao huku wakichambua pojo kwenye ungo.

Niligundua taratibu wanachozungumzia. Binti alikuwa anauliza, mama anajibu. Uliniona naingia nikiwaje? Mjomba alikuwa anatembea haraka kuliko wewe, ukamvuta mkono. Na bwana wangu? Alifuta viganja kwenye suruali mara tatu, akadhani hakuna anayeona. Na halafu? Mwalimu alieleza kila kitu kwa mpangilio, mtu gani alikaa wapi, nani alilia na nani alijifanya, upepo ulivyoinua kitambaa cha mimbari. Baadhi ya mambo niliyakumbuka. Mengine, mimi niliyeshika kamera, sikuyaona kabisa, na kuna mawili au matatu ambayo nina hakika kamera haikuelekea huko.

Nilikuwa na bisibisi mdomoni. Niliiacha palepale.

"Rudia pale mwanzo," binti akasema, akisogeza ungo. "Pale mlango unafunguliwa."

Mama yake akaanza upya.